Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Penalti ya Karatina

KLABU YA MPIRA YA WAMAGANA SIMBA

Kikao kilifanyika Jumamosi tarehe 14 Septemba 1974, katika Darasa la Sita la shule ya msingi, Wamagana. Kiliitwa kianze saa saba mchana. Kilianza saa nane na dakika ishirini.

WALIOHUDHURIA
Mzee Ngatia, mwenye bucha – Mwenyekiti
Bw. Kihara, fundi cherehani – Makamu wa Mwenyekiti
Mwalimu Oloo – Kocha
Konstebo Wandera – Kapteni wa timu
Bw. Wamae – Mwakilishi wa mashabiki
Bi. Warigia, msaidizi wa zahanati – Huduma ya kwanza
Bi. Magdaline Waithira – Katibu

ALIYEALIKWA
Bw. Gatimu – Winga wa kulia

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Kingori – Golikipa (bado anatibiwa kinywa)

KUMB. NA. 1/9/74: KUFUNGUA
Bi. Warigia aliomba dua. Mwenyekiti aliwaambia wajumbe kwamba kikao kilikuwa na jambo moja tu la maana, na kwamba kwa maoni yake jambo hilo lilikwisha tarehe 25 Agosti jioni, pale refa alipopuliza filimbi ya mwisho kule Karatina na Wamagana ikawa imeifunga Kutus mabao mawili kwa moja na kupanda Ligi ya Mkoa.
Bw. Kihara aliomba iandikwe kwamba yeye alifika saa saba kamili na kungoja peke yake. Alikumbusha kwamba alipokuwa mwenyekiti, hadi Machi mwaka huu, vikao vilianza kwa wakati. Mwenyekiti alijibu kwamba enzi hizo vikao vilianza kwa wakati na timu ilikuwa ya tisa. Yote mawili yameandikwa.

KUMB. NA. 2/9/74: BARUA KUTOKA KUTUS
Katibu alisoma barua ya tarehe 9 Septemba kutoka kwa klabu ya Kutus Nyota, yenye kurasa mbili. Kutus walidai kwamba penalti ya dakika ya themanini na sita, ambayo Kapteni Wandera aliifunga, haikuwa halali, na kwamba bao lao la pili lilikataliwa bila sababu. Walidai refa alinunuliwa kwa mguu wa mbuzi. Walitaka Wamagana ikiri kwa maandishi na mechi irudiwe. La sivyo wangepeleka lalamiko kwa Kamati ya Ligi.
Mwenyekiti alikataa mambo ya mguu wa mbuzi. Alieleza kwamba refa alikula hotelini Karatina mbele ya watu wote, akala maharagwe, na kwamba mwenye bucha akitaka kumhonga mtu hamhongi kwa mguu mmoja. Alisema: "Ati turudishe ushindi? Ushindi si sufuria ya kuazima."
Wajumbe walipiga meza. Bw. Wamae alisema mashabiki wako tayari kwenda Kutus na kujibu barua hiyo kwa mikono. Mwalimu Oloo alimwomba akae.
Bw. Kihara alipendekeza barua itupwe na kikao kifungwe. Katibu alisema ukurasa wa pili ulikuwa haujasomwa. Aliruhusiwa kuusoma.
Ukurasa wa pili ulisema kwamba Kutus wameshasafisha nyumba yao wenyewe. Beki wao wa kati, Mutahi, aliyesababisha penalti, wamemhukumu kwa kosa la kuuza mechi. Amenyang'anywa jezi na jina lake limebandikwa kwenye ukuta wa soko ili watu wajue.
Hapakuwa na mjumbe aliyepiga meza.

KUMB. NA. 3/9/74: MAKOSA YA REFA
Mwenyekiti alimtaka Kocha aeleze makosa yote ya refa, ya pande zote mbili, ili ijulikane kwamba Wamagana haikubebwa.
Mwalimu Oloo alieleza kutoka kwenye daftari lake. Dakika ya ishirini, kichwa cha Wandera kilivuka mstari wa goli kabla beki hajauondoa mpira, na refa akaashiria mchezo uendelee. Dakika ya arobaini golikipa Kingori alipigwa teke la mdomo akiwa ameshika mpira, meno mawili yakang'oka, na filimbi haikulia. Bi. Warigia alithibitisha habari ya meno. Aliyaokota yeye mwenyewe.
Bw. Wamae aliuliza kama Kutus wameandika ukurasa wowote kuhusu meno hayo.
Mwalimu Oloo aliendelea. Alisema bao la pili la Kutus, dakika ya sabini, lilikuwa halali. Mfungaji hakuwa ofsaidi. Beki wetu wa kushoto alikuwa amebaki nyuma akifunga kiatu.
Bw. Kihara alimuuliza Kocha yeye ni wa timu gani. Kocha alijibu kwamba yeye ni wa Wamagana tangu alipohamishiwa hapa mwaka wa 1969, na kwamba hiyo haimzuii kuona.
Mwenyekiti alijumlisha: refa alikosea dhidi yetu mara mbili na dhidi yao mara moja, kwa hiyo hata ukitaka kuhesabu kama mtoto wa shule, Kutus ndio wadeni. Kocha alisema hajafika kwenye penalti. Mwenyekiti alisema penalti ni penalti. Hapo ndipo Bw. Gatimu, ambaye alikuwa amekaa dawati la nyuma tangu mwanzo, alisimama na kuomba kusema.

KUMB. NA. 4/9/74: MAELEZO YA BW. GATIMU
Ikumbukwe kwamba Bw. Gatimu ndiye aliyeanguka ndani ya boksi dakika ya themanini na sita, penalti ikatolewa. Alibebwa mabegani kutoka Karatina, na siku ya sherehe alipewa figo za fahali kabla ya wazee. Tangu wiki ya kwanza ya Septemba hajaonekana mazoezini. Mwenyekiti alikuwa amemwita kikaoni ajieleze kuhusu utoro huo.
Bw. Gatimu alisema: "Mimi sikuguswa."
Mwenyekiti alimwambia aeleze vizuri. Bw. Gatimu alieleza kwamba alimpita Mutahi kwa kasi. Mutahi alinyoosha mguu na kuurudisha alipoona amechelewa. Yeye akakanyaga shimo, kifundo kikapinda, akaanguka. Alikuwa chini ameshika mguu aliposikia filimbi. Alipoinuka, Wandera alikuwa ameshauweka mpira kwenye alama.
Bw. Kihara aliuliza kwa nini hakusema siku ile. Bw. Gatimu alijibu kwamba alifurahi. Alisema alifurahi siku ile na kesho yake, na siku ya fahali pia.
Bi. Warigia alisema kwamba yeye alikiona kifundo hicho jioni ileile. Kilikuwa kimevimba kwa kuteguka, ngozi nzima, bila alama ya kiatu cha mtu. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini alinyamaza. Bi. Warigia alijibu kwamba aliulizwa tu kama kijana ataweza kucheza, na hilo alilijibu.
Bw. Gatimu aliendelea. Alisema tarehe 3 Septemba alipanda lori la kiwanda cha kahawa, anakofanya kazi, kwenda Mwea kuchukua mchele wa wafanyakazi. Huko kwenye kinu alimkuta Mutahi, kwani hapo ndipo anapobeba magunia. Wenzake walikuwa wakimwita Muuza Mechi. Baiskeli yake ilikuwa imetobolewa magurudumu yote mawili. Walimwekea gunia mgongoni wakimuuliza kama hilo nalo ataliuza. Mkewe anauza nyanya sokoni Kutus na wateja wamemhama.
Katibu aliuliza kama Mutahi alimtambua. Bw. Gatimu alisema alimtambua. Aliombwa aseme Mutahi alimwambia nini.
"Hakunitusi. Alitua gunia, akaniangalia, akasema, 'Wewe unajua.' Akachukua gunia ingine."
Bw. Gatimu alisema hawezi kuvaa jezi tena mpaka jambo hilo lisemwe wazi, na kwamba klabu isipolisema atakwenda kulisema mwenyewe. Mwenyekiti alimuuliza kama anakitisha kikao. Bw. Gatimu alisema ndiyo.

KUMB. NA. 5/9/74: MJADALA
Bw. Gatimu aliombwa asubiri nje. Alitoka.
Bw. Kihara alisema kijana huyo anahurumiwa lakini hajui dunia. Kutus walichokosa ni ushahidi, na sasa Wamagana itawaandikia kwa mkono wake na kutia mhuri. Barua ikifika, haitabandikwa sokoni kumsafisha Mutahi. Itapelekwa kwa Kamati ya Ligi, na nafasi ya Ligi ya Mkoa itaondoka. Alisema timu hii imeingoja nafasi hiyo miaka kumi na moja, tangu bendera ya uhuru ipandishwe, na si wajumbe wote waliokuwa wakiingoja.
Bw. Wamae alimuunga mkono. Alisema ugomvi wa Kutus na beki wao ni wa nyumbani kwao.
Mwalimu Oloo alisema kuna mambo mawili ambayo wajumbe wanayachanganya. Ushindi unaamuliwa na filimbi. Filimbi ikilia vibaya, bado imelia, kwa timu zote, na ndiyo maana meno ya Kingori hayawezi kurudishwa kwa kurudia mechi. Kwa hiyo yeye haoni aibu yoyote katika ushindi na hataurudisha. Lakini Mutahi hakuhukumiwa na filimbi. Amehukumiwa na watu, kwa jambo ambalo hakulifanya, na wanaojua ni waliomo humu chumbani.
Konstebo Wandera aliomba kusema. Alisema kwamba mpira ule aliupiga yeye, na golikipa wa Kutus aliruka upande uleule na bado hakuufikia. Alisema baba yake alitoka Busia kwa basi, safari ya siku mbili, kuja kumwona akicheza, na hilo ndilo bao aliloliona. "Mkiandika penalti ilikuwa ya uongo, bao yangu itakuwa nini?"
Mwalimu Oloo alimwambia litakuwa bao. Konstebo Wandera alisema ni rahisi kwa mtu ambaye hakulifunga.
Katibu aliomba ruhusa aweke kalamu chini na kusema kama mjumbe. Aliruhusiwa. Alisema yeye husafiri na timu na hukaa upande wa wake wa wachezaji, na siku ile ya Karatina alikaa karibu na mke wa Mutahi bila kumjua. Penalti ilipotolewa mwanamke huyo alisimama akapiga kelele kwamba mume wake hakumgusa mtu, na watu wa Kutus waliokuwa karibu naye walimwambia akae. Katibu alisema na yeye alimwambia akae. Kisha alichukua kalamu yake.
Bw. Kihara alisema machozi ya uwanjani si ushahidi. Katibu alisema hakutaja machozi.

KUMB. NA. 6/9/74: KURA
Mwalimu Oloo alitoa hoja kwamba Kutus waandikiwe ukweli kuhusu Mutahi. Bi. Warigia aliunga mkono. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono.
Waliokubali: Mwalimu Oloo, Bi. Warigia, Bi. Waithira.
Waliokataa: Bw. Kihara, Bw. Wamae, Konstebo Wandera.
Kwa kuwa kura zililingana, kanuni ya tisa ilimtaka Mwenyekiti apige kura ya kuamua. Bw. Kihara alisema hapana haja ya kupoteza wakati, kwani msimamo wa Mwenyekiti ulijulikana tangu kikao kilipofunguliwa.
Mwenyekiti alieleza kwamba mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, alipangwa mstari pamoja na wanaume wengine, na mtu aliyefunikwa gunia kichwani akamtikisia kichwa kuashiria ni yeye. Ilidaiwa kwamba usiku fulani alikuwa msituni akiwapelekea wapiganaji chakula. Usiku huo alikuwa Karatina, amelala kwa mtu aliyemuuzia ngozi. Watu watatu wa hapa Wamagana walikuwa naye chumba kimoja, na hawakusema. Alikaa kizuizini miaka mitatu na miezi minne.
Alisema huyo wa gunia hana neno naye, kwa sababu hata leo hajui alikuwa nani na pengine alishikiwa bunduki. "Lakini wale watatu nawauzia nyama kila Jumamosi. Wanasema, 'Mzee, nikatie hapo pazuri.' Na mimi nakata."
Katibu aliuliza kama maneno hayo yaandikwe au yaachwe. Mwenyekiti alisema yaandikwe.
Mwenyekiti alipiga kura ya kukubali. Hoja ilipita, kura nne kwa tatu.


KUMB. NA. 7/9/74: MAJIBU KWA KUTUS
Mwenyekiti alisema ikiwa barua itaandikwa, isiandikwe kama ya mtu anayepiga magoti. Alitamka maneno mwenyewe na Katibu akayaandika. Kocha alirekebisha sarufi mahali pawili. Barua ilikubaliwa kama ifuatavyo:

"Kwa Kutus Nyota. Tumesoma barua yenu. Ushindi ni wetu na haturudishi. Refa wa Karatina hakununuliwa na mtu, ila alikosea. Alikosea kwa bao letu alilolikataa, akakosea kwa meno ya golikipa wetu, akakosea kwa bao lenu la pili, akakosea kwa penalti. Mkitaka kumlaumu tutasimama pamoja nanyi, nafasi iko. Lakini beki wenu Mutahi hakumgusa Gatimu. Gatimu mwenyewe amesema, na nesi wetu amesema. Hakuna mechi aliyouza. Toeni jina lake ukutani na mrudishieni jezi yake. Mkitaka kucheza nasi tena, tuko tayari siku yoyote, kwenu, na refa mumtafute ninyi. Ila nafasi ya Ligi ya Mkoa hatutaiweka mezani, hata mkileta refa malaika."

Konstebo Wandera aliomba liongezwe neno kwamba penalti ilipigwa vizuri. Mwenyekiti alikataa.
Bw. Gatimu aliitwa ndani na kusomewa barua. Alisema ataipeleka yeye, si kwa posta, kwa sababu barua ya posta inaweza kukaa mfukoni mwa katibu wao. Mwenyekiti alionya kwamba huenda akapigwa. Bw. Gatimu alisema hilo amelifikiria.
Konstebo Wandera alisema Jumapili ya tarehe 22 hana zamu, na atakwenda naye. Bw. Kihara alimkumbusha kwamba alipinga hoja. Konstebo Wandera alisema alipinga barua, hakupinga kijana.

KUMB. NA. 8/9/74: MENGINEYO
Mwalimu Oloo alilalamika kwamba kuna ng'ombe wanaolishwa uwanjani siku za wiki na kuharibu eneo la kona ya juu. Alisema hamtaji mwenyewe. Bw. Kihara alisema ng'ombe wake wawili hawatoshi kuharibu uwanja mzima. Iliamuliwa wahamishwe kufikia Ijumaa.

KUMB. NA. 9/9/74: KUFUNGA
Hapakuwa na jambo jingine. Kikao kilifungwa kwa sala ya Mwalimu Oloo saa kumi na moja kasorobo jioni.

YALIYOTOKEA BAADAYE
(Yameandikwa na Katibu kwa agizo la kikao cha tarehe 12 Oktoba 1974, ambapo kumbukumbu hizi zilisomwa na kuthibitishwa.)

Bw. Gatimu na Konstebo Wandera walifika Kutus tarehe 22 Septemba kabla ya mechi ya huko. Mwenyekiti wa Kutus alipokea barua, akasoma mstari wa kwanza, akaikunja. Bw. Gatimu alimwomba aisome kwa sauti. Alikataa. Bw. Gatimu alikuwa na nakala, akasimama kwenye mstari wa kati na kuisoma mwenyewe. Alipofika kwa "haturudishi" alirushiwa maganda ya machungwa na matope. Konstebo Wandera, ambaye hakuvaa sare, alisimama mbele yake na kupata sehemu kubwa ya matope hayo. Bw. Gatimu alisoma mpaka mwisho, kisha akarudia sehemu ya Mutahi mara ya pili, kwa Kikuyu, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia.
Mutahi alikuwepo, nyuma ya watu, na mkewe. Wageni walipokuwa wakiondoka, mke wa Mutahi alileta maji kwenye karai, na Konstebo Wandera akanawa uso.
Tarehe 6 Oktoba Mutahi alicheza tena, jezi namba tano.
Kutus walipeleka barua yetu kwa Kamati ya Ligi kama ushahidi dhidi yetu. Bw. Kihara aliomba iandikwe kwamba alisema hivyo. Alisema hivyo. Kamati ya Ligi ilijibu tarehe 3 Oktoba kwamba uamuzi wa refa uwanjani haubadilishwi, na nafasi ilibaki Wamagana.
Katika kikao hicho cha Oktoba, Bw. Wamae alileta lalamiko lenye sahihi thelathini na mbili za mashabiki, wakisema Bw. Gatimu ameiaibisha klabu na asichezeshwe katika Ligi ya Mkoa. Kwenye mechi ya kwanza ya ligi hiyo walimzomea kila alipogusa mpira.
Mwenyekiti alimuuliza Kocha kama kuna winga wa kulia aliye bora kuliko Gatimu katika tarafa nzima. Kocha alisema hayupo. Mwenyekiti aliagiza lalamiko lirudishwe kwa wenyewe na majibu yaandikwe hivi: Gatimu atacheza, na asiyependa kumtazama ageuze kichwa atazame mlima.

Zimethibitishwa kuwa sahihi:

(Sahihi) Ngatia, Mwenyekiti
(Sahihi) Magdaline Waithira, Katibu
Wamagana, 12 Oktoba 1974